Sensa za unyevu chini ya lami Mombasa: ziwekwe wapi, zisomwe mara ngapi?

Kokoto_Tatu:

Salaam aleikum wakuu. Nina vipande viwili vya barabara vya kufuatilia mwaka mzima, kuanzia jua la kaskazi hadi vuli iishe. Vifaa sijaagiza bado, ndiyo maana nauliza sasa.

Kipande cha kwanza kiko Miritini, njia ya malori ya kontena. Lami ni milimita 50, chini yake kokoto ya kusagwa milimita 200, halafu changarawe milimita 150, halafu udongo wa mfinyanzi wa kijivu, ule unaotokana na mwamba laini wa upande ule. CBR yake (kipimo cha nguvu ya udongo, kwa asilimia) ikilowekwa siku 4 ni 4, na PI (kipimo cha unataji wake) ni 35. Kipande cha pili kiko kisiwani karibu na hori la Tudor. Lami ni ileile, msingi ni matumbawe yaliyosagwa, na chini ni kifusi cha matumbawe tupu. Ukichimba mita 1.4 unakuta maji, tena ya chumvi.

Nataka kujua nguvu ya barabara inashuka kiasi gani wakati wa masika, na inachukua muda gani kurudi. Mpango nilionao: kila kipande sensa 8 za unyevu za kapasitansi, zile bapa za bei nafuu, zote kwenye njia ya gurudumu la nje, moja kila milimita 100 kwenda chini. Joto nitapima kwa chipu za DS18B20. Kusoma ni mara moja kwa siku, saa sita mchana, ili betri idumu. Kipima mvua kimoja kitatumikia vipande vyote viwili.

Toeni kasoro.

Mtaro_Kwanza:

Wa aleikum salaam. Kasoro ya kwanza ni kupanga sensa zote mstari mmoja kwenda chini, kana kwamba maji yanashuka kutoka juu. Lami isiyo na nyufa haipitishi mvua nyingi. Maji huingia ubavuni, pale lami inapoishia na bega la udongo linapoanza. Katikati ya barabara unyevu wa udongo hubaki karibu palepale mwaka mzima. Ile mita 1 ya mwisho kabla ya ukingo ndiyo inayolowa na kukauka kila msimu, na gurudumu la nje la lori hupita humohumo. Kwa mstari wako mmoja utaona namba zinapanda, lakini hutajua maji yametoka wapi.

Zipange kwa safu za kwenda ndani. Tatu ziwe ndani ya mfinyanzi, milimita 500 kutoka uso wa lami, zikiwa mita 0.3, mita 1.0 na mita 2.5 kutoka ukingo. Tatu nyingine ziwe katikati ya changarawe, milimita 325, kwa umbali uleule. Ya saba iwe nje ya lami, ndani ya bega, milimita 500. Ya nane ishuke mita 1.2 chini ya gurudumu la nje, ili ikuambie kama kuna maji yanayopanda kutoka chini. Kwenye kokoto ya kusagwa usipoteze sensa: mawe yana mianya ya hewa, vyuma vya sensa havigusani vizuri na kitu chochote, na namba utakayopata ni ya hewa zaidi kuliko ya maji.

Sasa uchimbaji, na hapa ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoharibika. Kata mfereji wenye upana wa milimita 300 kutoka begani kuingia ndani mita 2.6. Sensa usiilaze chini ya mfereji ukafukia. Isukume kwa ulalo ndani ya ukuta wa mfereji, kwenye udongo ambao haujaguswa, ule ukuta unaoelekea malori yanakotoka. Rudisha udongo kwa mpangilio uleule uliotoka, kila tabaka lisizidi milimita 75 kabla ya kushindiliwa, na usiuache ukakauka juani huku mnafunga waya. Uufunike kwa turubai.

Mfereji wako ni mtaro mpya unaoelekeza maji chini ya barabara, hata ukiushindilia vipi. Kwa hiyo pale ukingo wa lami ulipo, ziba upana wote wa mfereji kwa ukuta wa udongo uliochanganywa na bentonaiti (unga wa udongo unaovimba ukilowa), unene milimita 150, kuanzia sakafu ya mfereji hadi juu. Bomba la waya lielekee nje kwa mteremko, na ndani yake pia pazibwe, maana maji hupenda kusafiri ndani ya bomba kuliko kwenye udongo. Mkato wa lami uzibwe kwa bitumeni ya moto.

Kuna njia ya kujua kama ulifeli. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, angalia safu ya mfinyanzi. Sensa ya mita 0.3, ya mita 1.0 na ya mita 2.5 zikiruka zote ndani ya saa moja, hapo unapima mfereji wako mwenyewe. Mfinyanzi haupitishi maji kwa kasi hiyo.

Mambo mawili ya haraka. Pima tofauti ya kimo kati ya mgongo wa barabara na sakafu ya mtaro. Ikiwa chini ya mita 0.75, andika, kwa sababu utakuwa unapima athari ya mtaro mbovu na kuiita athari ya hali ya hewa. Na ukiona mwarobaini mkubwa kando ya kipande, sogea. Mizizi yake hunyonya maji ya mfinyanzi wakati wa kaskazi, udongo unasinyaa, na lami hupasuka kwa urefu karibu na ukingo hata kama hakuna lori lililopita.

Bamvua_14:

Mtaro amemaliza ya Miritini. Mimi nije kwenye Tudor, ambako kusoma saa sita mchana tu kutakuonyesha msimu usiokuwepo.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, lakini mzunguko mmoja ni saa 12 na dakika 25, si saa 12 kamili. Kesho saa sita mchana maji yatakuwa yamechelewa kama dakika 50 kuliko leo. Ukiunganisha nukta zako za mchana, moja kwa siku, utapata wimbi safi linalorudi kila siku 14.8. Na kwa kuwa bamvua (majira ya maji makubwa) na maji mafu (majira ya maji madogo) nayo hurudi kwa muda huohuo, utajisifu kwamba umegundua athari ya bamvua chini ya lami. Kumbe sehemu kubwa ya wimbi hilo imetengenezwa na ratiba yako ya kusoma. Bamvua halisi imo humohumo, na huwezi tena kuitenga.

Kwa hiyo soma kimo cha maji kila dakika 15 na unyevu kila dakika 30. Ukitaka wastani wa siku, tumia dirisha la saa 24 na dakika 50, yaani majao mawili kamili, si siku ya kalenda. Hapo mawimbi yanajifuta na msimu unabaki peke yake.

Pisomita ya hapo (bomba la kupimia kimo cha maji ya ardhini) si ghali. Bomba la PVC la milimita 50, lishuke mita 3, mita 1 ya chini iwe na mipasuo myembamba, imezungukwa na mchanga safi. Juu ya mchanga ziba kwa bentonaiti angalau milimita 300, kisha kifuniko. Usipoziba juu, mvua itatiririka kando ya bomba na utadhani maji ya ardhini yanapanda kwa dakika kumi.

Sensa ya shinikizo utakayotumbukiza ni ya aina mbili. Ile yenye kibomba cha hewa kinachopanda hadi juu hujirekebisha yenyewe kwa shinikizo la hewa, ila ndani ya kibomba kuna punje za kukausha unyevu, na kwa hewa yetu punje hizo hulowa upesi. Zikilowa, matone huziba kibomba na namba huanza kutangatanga. Zikague kila mwezi, zikibadilika rangi zibadilishe. Ile isiyo na kibomba inahitaji mwenzake juu ya ardhi wa kupima hewa. Usiache kumnunua. Katika ukanda wetu shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, tofauti ikiwa hekto paskali 3 hadi 4. Hiyo ni kama sentimita 3 hadi 4 za maji, na ina mzunguko wa saa 12, jirani kabisa na ule wa bahari. Usipoiondoa utaisoma kama maji.

Jambo dogo: maji ya chumvi ni mazito, kama 1.025 ukilinganisha na maji ya mvua. Kwa kina cha mita 2 hiyo ni tofauti ya sentimita 5. Weka namba hiyo kwenye loga (kirekodi cha namba za sensa).

Miritini nako weka pisomita moja, hata kama huoni maji karibu. Kanuni ya zamani ya barabara za nchi za joto inasema maji ya ardhini hutawala unyevu wa udongo wa chini yakiwa ndani ya mita 1 kwa mchanga usionata, mita 3 kwa udongo wenye PI chini ya 20, na mita 7 kwa mfinyanzi mzito wenye PI zaidi ya 40. Mfinyanzi wako wa 35 uko karibu na mwisho wa mzito.

Waya_Shaba:

Zile sensa bapa za bei nafuu ziache kwa mwenye bustani. Kingo za ubao wake zimekatwa na haziko ndani ya plastiki. Maji hupenya pembeni, ubao unavimba, na ndani ya wiki chache inasoma «kumelowa» daima. Juu yake vijenzi viko wazi. Vanishi huchelewesha tu. Tena inatoa volti, kwa hiyo kila mita ya waya na kila kushuka kwa betri kunabadilisha namba.

Tafuta sensa ya vyuma vya pua iliyomwagiwa epoksi, inayofanya kazi karibu megahezi 70, inayotoa namba kwa dijitali, na inayopima pia upitishaji umeme na joto palepale. Kwa Tudor huo upitishaji si anasa. Chumvi humeza mawimbi: hata TDR (njia ya kutuma mawimbi ya umeme na kupima mwangwi wake), ambayo ndiyo iliyotumika kwenye LTPP, mpango wa Marekani wa utafiti wa barabara, kufuatilia misimu katika vipande 64, hupoteza mwangwi wa mwisho pale upitishaji wa udongo wenyewe unapopita kama desisimensi 2 kwa mita. Usomaji wa sensa za masafa yaliyo chini ya megahezi 70 huharibika mapema kuliko hapo. Ukiwa na namba ya chumvi utajua siku zipi za kutupa. Usipokuwa nayo, bamvua ikileta maji ya hori, sensa itakwambia udongo una maji mengi kuliko nafasi iliyomo ndani yake.

Kama fedha haitoshi, punguza idadi. Sensa tano nzuri kwenye safu ya mfinyanzi, begani na chini ni bora kuliko nane za kubahatisha.

DS18B20 inafaa kwa joto: usahihi wake ni nusu nyuzi kati ya −10 na 85, na mwisho wake ni nyuzi 125. Maana yake usiitandike kabla ya lami kumwagwa, wala usiifukie kwa bitumeni ya moto. Lami ya moto hupita hapo na chipu inakufa. Toboa baada ya lami kupoa, iweke milimita 20 na milimita 45, fukia kwa epoksi iliyochanganywa na mchanga laini. Kuna bandia nyingi sokoni. Kabla ya kuzika, zitumbukize zote kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukoroge, usubiri dakika 10. Isiyosoma ndani ya nusu nyuzi kutoka sifuri irudishe dukani.

Umeme: loga yenyewe inakula kidogo mno. Muuaji ni modemu ya GSM, ambayo huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua inapotafuta mtandao. Volti zikianguka loga inajizima na kuwaka upya, na saa yake inarudi mwaka 2000 kama haina betri ndogo ya saa. Weka kapasita ya mikrofaradi 2200 karibu kabisa na modemu, na nakili data kwenye kadi kabla ya kutuma. Tuma mara moja kwa siku, soma kila dakika 30. Hapo ndipo unapookoa betri, si kwenye kusoma. Kwa wastani wa miliampea 20 utatumia karibu 0.5 Ah (ampea-saa) kwa siku, betri ya 7 Ah iende wiki moja bila jua ukiwa hutaki kuishusha chini ya nusu. Paneli ya wati 10 inatosha.

Sanduku lisiwe la chuma cheusi kinachoota jua. Joto la betri ya risasi likiongezeka kwa nyuzi 10 hivi, umri wake hupungua nusu. Plastiki nyeupe, kivuli juu, matundu ya waya yaangalie chini, na kila waya ushuke chini ya tundu kisha upande kidogo kabla ya kuingia, ili tone lidondoke nje. Viungio visiwe ndani ya ardhi hata kimoja. Waya mzima kutoka sensa hadi sandukuni. Shaba na betri zina wanunuzi wengi mjini, kwa hiyo nguzo iwe ndani ya uzio wa mtu mwenye mlinzi, hata ikibidi waya urefuke mita 10.

Kipima mvua kimoja hakitoshi. Manyunyu ya hapa yanaweza kulowesha Miritini na kuacha Tudor kavu. Cha mdomo wa milimita 200 kinachopinduka kila milimita 0.2 kinapokea mililita 6.28 kwa kila pindu. Kijaribu: dondosha mililita 628 polepole, muda wa saa moja, uhesabu mipinduko 100. Ukimwaga haraka kitahesabu pungufu, na hivyo ndivyo kitakavyofanya pia kwenye mvua kali ya Mei. Siafu na kinyesi cha ndege ni sehemu ya ratiba ya usafi.

Kokoto_Tatu:

Shukran sana, nimeshafuta nusu ya karatasi yangu. Mawili yamebaki. Je, fomula ya kiwandani ya kugeuza usomaji kuwa unyevu naweza kuiamini kwa matumbawe? Na unyevu nitauunganishaje na nguvu ya barabara?

Bi_Maabara:

Fomula hapana, mwanangu, si kwa matumbawe. Fomula zinazozoeleka zimetokana na udongo wa kawaida, ambao punje zake ni kwatzi na jamaa zake, yenye namba ya umeme (uwezo wa kushika umeme, ambao sensa huugeuza kuwa unyevu) ya kama 4.5. Matumbawe ni chokaa, kama 8. Yakiwa makavu kabisa sensa itasema yana maji. Tena jiwe la matumbawe lina vitundu vinavyoficha maji ndani.

Chukua nyenzo yenyewe kutoka kwenye shimo, ondoa mawe yaliyozidi milimita 20, gawa mafungu matano ya unyevu kuanzia makavu hadi karibu ya kujaa. Maji ya kulowesha yawe yaleyale ya shimoni, si ya bomba; hilo watu husahau. Shindilia kila fungu kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20 (ya chuma itaharibu usomaji) hadi msongamano uleule wa barabarani, chomeka sensa, subiri itulie, soma. Kisha toa sampuli, choma kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24. Kwa kuwa chumvi hubaki kwenye sinia, uzito wa maji uliopotea ugawe kwa 0.965 kama maji ni ya bahari tupu. Chora mstari wako mwenyewe. Mfinyanzi wa Miritini nao ufanyie vivyo hivyo kwa maji yake.

Halafu usilinganishe papai na embe. Sensa inatoa unyevu kwa ujazo, maabara inatoa kwa uzito. Gawa ule wa ujazo kwa msongamano mkavu: asilimia 24 ya sensa kwenye udongo wa 1.6 ni asilimia 15 ya maabara. Kwenye matumbawe ya 1.9 asilimia 24 hiyohiyo ni 12.6 tu.

Kagua pia kama unyevu unapanda kila alasiri na kushuka alfajiri sambamba na joto. Hayo si maji, ni sensa inayohisi joto. Ndiyo kazi hasa ya DS18B20 zako.

Nguvu sasa. Kama mashine ya FWD (inayodondosha uzito juu ya lami na kupima mbonyeo) haipatikani kila mwezi, boriti ya Benkelman (mkono mrefu wa kupima lami inabonyea kiasi gani chini ya tairi la lori) inatosha, mradi nidhamu iwepo: nukta 20 zilizopakwa rangi kila kipande, lori lilelile lililopimwa uzito, upepo wa tairi uleule, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Pima mara moja kwa mwezi, mara mbili kwa mwezi kuanzia Aprili hadi Juni. Kwa lami ya milimita 50 joto halibadilishi mbonyeo sana, kwa hiyo usihangaike na marekebisho mazito.

Kila nukta pima njia ya gurudumu la nje na la ndani. Gawa ya nje kwa ya ndani. Uwiano huo ndio utakaokuonyesha msimu vizuri kuliko mbonyeo wenyewe, kwa sababu lori likikosewa uzito kidogo, kosa linaingia juu na chini na kujifuta. Machi mwishoni uwiano utakuwa wa chini kabisa. Kwenye mfinyanzi usitarajie kilele siku ya mvua kubwa. Maji yanatambaa kutoka ukingoni, kilele hufuata baadaye, na kurudi ni polepole zaidi ya kwenda. Matumbawe hujibu upesi na kusahau upesi.

DCP (fimbo ya chuma inayopigiliwa kwa nyundo kupima ugumu wa tabaka) piga mara mbili tu, mwisho wa kaskazi na ndani ya masika, mbali na sensa. Nyundo ya kilo 8, kimo milimita 575, na tundu lizibwe siku hiyohiyo, maana kila tundu ni mlango wa maji.

Hesabu malori. Ekseli iliyozidishwa uzito kwa asilimia 20 huumiza barabara mara 2.3 kwa kanuni ya kipeo 4.5. Yadi ya kontena ikipata meli kubwa wiki ya masika utailaumu mvua bure. Na mwaka mmoja si kipimo. Vuli za 1997 na 2023 zilikuwa za El Niño, ukiangukia mwaka kama huo kipande chako kitaonekana kibovu kuliko kilivyo.

Kokoto_Tatu:

Bi Maabara, ahsante, Mungu akuweke. Nimerekebisha: Miritini sensa 8 kwa safu za Mtaro, Tudor 5 za vyuma, pisomita mbili, kipima hewa kimoja, vipima mvua viwili, kusoma dakika 30 na maji dakika 15. Nataka zifukiwe Januari. Bentonaiti ya kuzibia naipata wapi kwa kiasi kidogo, na nichanganye kiasi gani?

Mtaro_Kwanza:

Waulize wachimba visima, wao huitumia kila siku na huuza hata mfuko mmoja. Changanya sehemu 1 ya unga na sehemu 9 za udongo ulioukausha na kuuchekecha, vyote vikavu kwanza, ndipo unyunyize maji. Ukimwagia unga maji peke yake utapata madonge yasiyochanganyika. Kwa Tudor changanya kwa maji ya bomba na uongeze iwe 2 kwa 8. Kwenye maji ya chumvi bentonaiti huvimba kidogo tu. Januari ni sawa, usivuke katikati ya Februari, udongo unahitaji wiki sita au nane utulie kabla ya mvua.